Gari Hulala Wapi?

Mhadhara wa wazi kuhusu mahali pa kuweka vituo vya kuchaji magari ya umeme, Mombasa



Swali nililoletewa ni fupi. Vituo vya umma vya kuchaji magari ya umeme viwekwe wapi? Mwulize mtu yeyote barabarani, atakujibu hujamaliza kuuliza: si kwenye vituo vya mafuta? Pana nafasi, pana paa, pana taa usiku, pana askari, na madereva wameshazoea kuingia. Jibu hilo nitalirudia baadaye, kwa kuwa lina faida yake. Lakini sababu inayolibeba ni mbovu, na ni vizuri tuivunje mapema. Kituo cha mafuta kiko pale kilipo kwa sababu petroli huingia tangini kwa dakika tano. Mwenye biashara hiyo hutafuta mahali magari yanapopita kwa wingi: njia panda, mzunguko, mwingilio wa mji. Gari linakotoka na linakokwenda kulala si shughuli yake.

Umeme hauendi kwa mwendo huo. Chaja ya kawaida ya ukutani, ya kilowati 7, hutia uniti 7 kwa saa. Nikisema uniti namaanisha zile zile mnazonunua kwa tokeni. Gari dogo la umeme hula uniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo saa nzima ya chaja hiyo inakupa kama kilomita 40 za barabara. Kwa mpita njia hiyo ni adhabu. Kwa aliyelala ni neema, maana akiamka baada ya saa nane ana uniti 56, na betri za magari mengi madogo hata hazifiki hapo. Na magari hulala sana. La mtu wa ofisini, anayeendesha saa mbili kwa siku, husimama saa 22 zilizobaki.

Mnakumbuka kabla stima haijafika vijijini, simu zilivyopelekwa sokoni kuchajiwa kwa shilingi ishirini. Mtu aliiacha simu yake asubuhi akaenda zake shambani au kwenye mnada, akaipitia jioni. Mwenye duka aliweka ubao wa soketi pale watu walipokuwa wakishinda, na biashara ikamwendea. Magari tuyafanyie vivyo hivyo. Kituo cha kuchaji kifuate mahali gari linapopumzika. Na kwenye barabara kuu, ambako gari halina budi kupita tu, kifuate mahali abiria wake wanapopumzika. Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo, na mengine nitakayosema ni kuijaribu kama inasimama.

Tuanze na nani hasa anakihitaji kituo cha umma. Mwenye nyumba ya geti kule Nyali, gari uani na soketi ukutani, hakihitaji. Atachomeka jioni na asubuhi ataondoka betri imejaa. Kituo cha umma atakitafuta siku ya safari. Ajabu ni kwamba chaja nyingi za mwanzo katika miji yetu, Nairobi hasa, zimewekwa kwenye maegesho ya maduka makubwa ya mitaa ya wenye nafasi, zikimsubiri mtu huyu huyu ambaye ameshachaji nyumbani. Mimi huziita chaja za kupigia picha. Zina kazi yake, zinawazoesha watu kuliona gari la umeme na kuliulizia, lakini tusije tukatumia fedha za umma kuziongeza.

Anayekihitaji ni mpangaji wa ghorofani Tudor au Ganjoni, anayeegesha kando ya barabara au kwenye uwanja wa pamoja, na mita yake iko ghorofa ya nne. Hawezi kuteremsha kebo dirishani. Na kama yupo humu anayefikiria kujaribu, namwomba asijaribu: nyaya za nyumba nyingi za kupanga hazikuvutwa kwa ajili ya kubeba kilowati 7 saa nane mfululizo.

Mji wa Amsterdam umelijibu swali la mtu huyu kwa njia ninayoipenda. Mkazi mwenye gari la umeme asiye na maegesho yake mwenyewe hupeleka ombi, na mji huangalia kama kuna nguzo ya kuchaji karibu naye. Kama hakuna, huweka moja barabarani, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Nguzo si yake peke yake, kila mtu huitumia. London nako, baadhi ya mitaa imetia soketi ndani ya nguzo za taa za barabarani. Taa za zamani zilipobadilishwa kuwa za LED zikawa zinakula umeme kidogo, waya uliokuwa umeshafukiwa ukabaki na nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayochaji magari usiku. Hakuna aliyechimba barabara upya.

Hata hivyo tusinakili kila kitu. Utaratibu wa kungoja ombi humfaidi aliye na gari tayari, na hapa kwetu aliye na gari la umeme tayari ni yule bwana wa Nyali. Mimi ningeanza na anayekwenda kilomita nyingi. Mtu wa ofisini akienda kazini na kurudi, kilomita 30. Bodaboda anayefanya kazi kutwa huzidi 100. Matatu ya mjini hupita hapo pia, na hubeba watu zaidi ya kumi kila safari. Shilingi ile ile ya kituo ikimfuata dereva wa kazi inaendesha kilomita mara tatu, mara nne ya ile inayomfuata mwenye gari la nyumbani. Si ajabu basi kwamba magari ya umeme ya Kenya kwa sehemu kubwa ni pikipiki, wala si ajabu kwamba kampuni kama BasiGo ilipoanza mwaka 2022 kuleta mabasi ya umeme ya kampuni ya BYD kwa ajili ya njia za Nairobi, ilijishughulisha kwanza na yadi za kuchajia. Basi linashinda barabarani na linachajiwa usiku, likiwa halina kazi.

Hapa ndipo ninaporudi kwa lile jibu la vituo vya mafuta. Makanga akishafunga hesabu, saa nne au saa tano usiku, matatu hupelekwa kulala. Nyingi hulala kwenye vituo vya mafuta, kwa malipo ya usiku, kwa sababu pana taa na mlinzi, na asubuhi saa kumi dereva akija anakuta tairi zote nne. Nenda kituo chochote kikubwa usiku wa manane utayaona, yamebanwa pua kwa mkia, pampu zimefungwa mnyororo. Basi, kituo cha mafuta kinaweza kuwa mahali pazuri mno pa chaja, tena za bei nafuu, za taratibu, kumi au kumi na tano kwa pamoja, kwa kuwa tayari ni nyumba ya kulala wageni ya magari. Kule kuuza petroli hakuhusiki. Kituo ambacho hakilazi magari, hata kiwe kwenye njia panda yenye shughuli kiasi gani, hakina sifa hiyo.

Pikipiki zina hesabu ya peke yake, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kazi imeshaanza. Bodaboda hawezi kusimama saa tatu akichaji, maana saa tatu hizo ni chakula cha watoto. Kwa hiyo kampuni za betri za kubadilishana, Ampersand iliyoanza biashara Kigali mwaka 2019, Spiro na nyinginezo, zimetenganisha betri na chombo. Mtazame anavyofanya. Anaingia, anateremsha stendi kwa mguu, anainua kiti, anachomoa plagi nene, anaivuta betri kwa mpini wake na kuisukuma ndani ya tundu tupu la kabati la chuma. Kabati linaisoma. Tundu jingine linawaka taa ya kijani, anatoa betri iliyojaa, anaipachika, anachomeka, kiti chini. Malipo yameshapita kwenye simu. Abiria aliyeshuka kidogo anapanda tena.

Hapa kinachopumzika ni betri, chombo kinapita. Kabati basi linarudi kwenye sheria za petroli: liwe karibu na steji, liwe upande wa kushoto kwa anayeelekea kwenye kazi. Kabati lililo ng'ambo ya barabara yenye ukuta katikati ni kabati lisilokuwepo. Mwendeshaji anayepotoka kilomita mbili kubadilisha betri na kilomita mbili kurudi amekwenda nne bila abiria, na akibadilisha mara mbili kwa siku ni nane. Atavumilia wiki, halafu atarudi kwenye petroli yake bila kumwambia mtu. Pana pia tatizo la kampuni tatu kuwa na betri tatu zisizoingiliana, kwa hiyo steji moja inalazimika kuwa na makabati matatu. Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa biashara ya abiria, serikali ina sababu kubwa kuliko yetu ya kuzisukuma kampuni zielewane. Sisi tunangoja soko lifanye, na soko linachelewa.

Gharama ya kuweka vituo pasipofaa si ya kubuni, majirani zetu wameilipa. Dar es Salaam, madereva wa teksi na bajaji wameyabadilisha magari yatumie gesi asilia, kwa sababu ni rahisi kuliko petroli, na uamuzi wao ulikuwa wa busara. Lakini vituo vya kujazia vilikuwa vichache, na vilifuata bomba, si makazi ya madereva. Foleni za Ubungo zikawa habari ya mji. Mtu alikuwa akipanga mstari saa nyingi, wengine usiku kucha, na faida yote ya gesi ikaishia kwenye kungoja. Walichokosa si gesi. Gesi ilikuwa tele chini ya miguu yao.

Sisi tuna afadhali moja na hatari moja. Afadhali ni kwamba bomba letu, yaani waya wa Kenya Power, limeshafika karibu kila mtaa. Hatari ni kwamba ni jembamba. Watu huniuliza kama nchi ina umeme wa kutosha, na mimi hujibu kwa hesabu ya mgongo wa bahasha. Magari 10,000, kila moja likienda kilomita 40 kwa siku, yanataka uniti 7 kila moja, jumla 70,000. Yagawe kwa saa nane za usiku: hazifiki megawati 9. Mitambo ya upepo ya Loiyangalani peke yake ina uwezo wa megawati 310, na mvuke wa Olkaria haulali. Unatoka ardhini saa tisa usiku sawasawa na saa tisa mchana, wakati wanunuzi wamezima taa. Ndiyo sababu mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa zisizo za msongamano, kabla ya kodi na tozo nyingine. Serikali imeshasema kwa lugha ya pesa kwamba inataka tuchaji usiku. Anayeweka chaja mahali pasipolaza gari amejinyima nusu ya bei kabla hajafungua mlango.

Shida iko kwenye transfoma ya mtaa. Ile iliyo juu ya nguzo pale kwenu huenda ikawa ya kVA 200, karibu sawa na kilowati 200, na inagawiwa nyumba, saluni, mashine ya kusaga na mchomeleaji mmoja. Saa mbili usiku, pasi, majiko, feni na televisheni zote zinaivuta. Sasa aje mwekezaji na chaja nne za haraka, kilowati 60 kila moja. Zikifanya kazi pamoja zinataka 240. Zimeshaishinda transfoma hiyo hata kabla jirani wa kwanza hajawasha taa. Itabidi inunuliwe nyingine, waya mkubwa uvutwe, na bei ya hayo inaweza kuipita bei ya chaja zenyewe. Kumbe mwekezaji yule angeweka chaja 12 za kilowati 7, zenye saa ya kuwasha baada ya saa nne usiku, angevuta kilowati 84 wakati ambapo majirani wamelala, na asubuhi magari 12 yangetoka yamejaa. Chaja za haraka mjini ni maringo, isipokuwa sehemu chache: uwanja wa ndege, kituo kikubwa cha teksi, bandarini. Nasema hivyo nikijua wauzaji wa chaja za haraka wamo humu ukumbini.

Sasa tutoke mjini, maana barabarani mambo yanageuka.

Elimu ya kupanga mahali pa huduma ina historia yake. Mwaka 1964 mtaalamu wa hesabu Hakimi aliandika namna ya kuchagua sehemu za huduma ili jumla ya mwendo wa watu kutoka majumbani mwao iwe fupi iwezekanavyo. Njia hiyo inafaa kwa zahanati na shule, kwa sababu mahitaji yanakaa nyumbani. Mwaka 1990 mtafiti Hodgson akauliza swali jingine: na kama mahitaji ni safari yenyewe? Mtu anayetoka Mombasa kwenda Nairobi hana haja ya kituo karibu na nyumba yake wala karibu na anakokwenda. Anataka kiwe juu ya njia. Kisha mwaka 2005 watafiti Kuby na Lim wakaongeza jambo ambalo kwa gari la umeme ndilo kila kitu, yaani urefu wa safari ambayo tangi moja linaweza kufika. Wakaonyesha kwamba kwenye safari ndefu kituo kimoja huenda kisiwe na faida yoyote mpaka mwenzake awepo. Weka kituo kizuri Voi, usiweke kingine mbele, na gari lisiloweza kutoka Voi hadi Nairobi halijasaidiwa hata chembe. Halitaanza safari. Kwa hiyo barabara haijengwi kituo kimoja kimoja kwa kufuata nani kapata kiwanja. Inajengwa kwa mnyororo, kwa wakati mmoja, la sivyo pete za mwanzo zinakaa zikipata kutu.

Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Lakini kilomita si kipimo pekee. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na sisi hapa tuko baharini. Gari pamoja na abiria likiwa na kilo 1,800, kulinyanyua hadi kule ni kazi ya uniti 8 na kidogo. Ni hesabu ya fizikia ya sekondari, uzito mara kimo. Uniti 8 ni kilomita 50 za tambarare. Anayeshuka hurudishiwa sehemu ya hizo kwenye breki. Anayepanda hulipa zote. Kwa hiyo dereva aliyekuja kwa raha kutoka Nairobi asidhani atarudi kwa chaji zile zile, na anayepanga vituo awapangie wanaopanda.

Ulaya wameandika kwenye sheria yao ya mwaka 2023 kwamba kwenye barabara kuu kuwe na kituo cha haraka kila kilomita 60. Tukiinakili tunahitaji vinane, na badala ya vinane vyenye bunduki (plagi ya kuchajia) moja moja, mimi ningejenga vitano vyenye nne nne. Kituo cha bunduki moja kikiharibika si kituo tena, na fundi yuko Nairobi.

Vitano hivyo viwe wapi? Tazama watu, usitazame ramani. Abiria wa basi hushuka Mtito Andei, karibu nusu ya njia, kwa sababu ndipo mwili unapodai. Pande zote mbili za lami kuna vituo vya mafuta, hoteli za kuku na chipsi, vyoo vya kulipia, na wachuuzi wanaokimbilia madirisha kabla basi halijasimama vizuri. Dakika 30 zinaisha bila mtu kuhesabu. Chaja ya kilowati 50 imeshatia uniti 25 katika muda huo, kama kilomita 140, na hakuna aliyengoja. Wote walikuwa wakila. Voi vivyo hivyo, kwa kuwa pana mji, pana njia ya kwenda Taveta, pana hospitali na mafundi. Mariakani kwa ajili ya malori na anayekaribia pwani. Emali au Sultan Hamud kwa upande wa juu.

Na cha tano ningekiweka Makindu, karibu na gurdwara ya Masingasinga. Wengi wenu mmeshaingia pale. Imesimama tangu 1926 na hulisha kila msafiri bila malipo wala swali la dini: unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unaletewa dengu, chapati na chai, na ukichoka kabisa kuna vyumba vya kulala. Hakuna mtaalamu wa mipango aliyepachagua mahali hapo kwa kompyuta, lakini magari ya familia husimama pale kila siku, tena kwa muda ule ule ambao betri inautaka. Ikiwa wenyewe watakubali, maana ni nyumba ya ibada na neno la mwisho ni lao, sijui mahali pazuri zaidi kwenye njia hiyo nzima.

Kati ya Mtito Andei na Voi ni karibu kilomita 100 za mbuga ya Tsavo. Tembo wanavuka, migahawa ni haba, na usiku hakuna anayetaka kusimama. Ukiichora kwenye ramani utaona pengo na kidole kitakuwasha uweke kituo katikati. Usiweke. Hakuna anayepumzika pale, na mama mwenye watoto wawili hatakaa dakika 40 gizani akisikiliza sauti za porini. Afadhali Mtito na Voi ziwe na nguvu ya kutosha, kila moja na betri kubwa ya akiba. Tunakumbuka 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipokosa stima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Dereva aliyekwama Mtito siku hiyo hawezi kutembea hadi nyumbani. Na mwenye Nissan Leaf ya mtumba ya uniti 24, betri imechoka imebaki 18, nitamwambia ukweli: gari lake ni zuri sana kwa Mombasa, na kwa Nairobi apande treni.

Jambo dogo lakini lenye kuuma: msiweke chaja ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara hii itapanuliwa, iwe mwaka huu au mwingine, na sote tunajua ile alama nyekundu ya X inavyochorwa kwenye kuta.

Nimeulizwa kama tusijenge kwanza, kwa wingi, magari yakaja yenyewe. Israel walijaribu hivyo. Kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa na Shai Agassi mwaka 2007, ilikusanya zaidi ya dola milioni 800, ikatapakaza vituo vya kubadilisha betri za magari ambapo mashine ilitoa betri chini ya gari na kupachika nyingine kwa dakika chache. Ufundi wake ulikuwa wa kupendeza. Magari yaliyokubali betri hizo yalikuwa ya aina moja tu, Renault Fluence, wanunuzi hawakufika hata 2,000, na Mei 2013 kampuni ikafilisika. Mtandao mzima wa nchi ulikuwa umejengwa kwa ajili ya gari ambalo watu hawakulitaka. Kwa hiyo mnyororo wa barabara kuu, ndiyo, ujengwe mapema, ni vituo vitano. Mijini tuongeze kwa kufuata magari yanavyoongezeka.

Na kwa kuwa nimetaja aina ya gari: plagi. Leaf zetu zinatoka Japani na zinachaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana GB/T. Yale ya Ulaya yana CCS2. Kituo cha barabara kuu chenye aina moja kimewafungia mlango wengine wote, na mmiliki wake atashangaa kwa nini hapati wateja. Chaja za taratibu za usiku hazina ugomvi mkubwa hivyo. Kebo ya kubebea inamaliza mengi.

Pwani ina madai yake pia. Hewa ya chumvi hula shaba, kwa hiyo chaja iliyo mita 50 kutoka ufukweni itahitaji matengenezo ambayo ile iliyo mbali na bahari haitahitaji. Maegesho ya chini ya jengo hufurika masika. Kivuli ni muhimu, maana betri inayochajiwa juani Februari hujipunguzia kasi yenyewe ili isipate joto kupita kiasi.

Kaunti haihitaji mshauri wa kutoka ng'ambo ili ianze. Watumishi wa maegesho wazunguke saa tano usiku, mtaa kwa mtaa, Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, wahesabu matatu, tuktuk na teksi zilizolala na waandike ziko uwanja gani. Kenya Power nayo itoe orodha ya transfoma zenye nafasi usiku. Taarifa hizo inazo. Orodha mbili hizo zikiwekwa juu ya ramani moja, viwanja vinavyoonekana kwenye zote mbili havitakuwa vingi, pengine ishirini. Hivyo ndivyo vitangazwe kwa zabuni, na mkataba useme wazi kwamba chaja ikikaa mbovu zaidi ya siku kadhaa mwenye kituo anatozwa faini kila siku, maana chaja iliyokufa inachukua nafasi ya iliyo hai.

Naona mkono umeshainuliwa kule nyuma, na nadhani najua ni kuhusu foleni ya feri ya Likoni, kwa kuwa magari husimama pale saa nzima. Hapana. Magari yale hayajapumzika, yanasogea hatua mbili mbili, na mwenyeji wa Likoni hawezi kuachia nafasi yake kwenye mstari kwa ajili ya uniti chache.